Filamu ya Mulango

Siku ya Noeli, misa imeshatoka na vyungu viko motoni kila nyumba, mtu alibisha hodi kwa Papa Nathanaël kule Kadutu, mjini Bukavu, na Mapendo akaukimbilia mlango kabla mumewe hajainuka kitini. Alijua ni Gentil. Mwanao akikuahidi kwamba Noeli itamkuta nyumbani, na siku yenyewe mlango ukagongwa, utafikiri ni nani?

Hakuwa Gentil. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, buti zake zimeganda tope jekundu, amekumbatia mfuko wa plastiki kifuani. Kutoka ndani ya mfuko ulichomoza mkono wa koti la kahawia, na kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka cha bluu. Kiraka hicho Mapendo alikishona mwenyewe mwezi wa tisa, siku moja kabla Gentil hajapanda lori la kwenda machimbo ya dhahabu kule Mwenga.

"Hiyo koti iko ya mutoto wangu," Mapendo alisema. "Wewe umeipata wapi?"

"Mama, naitwa Chrispin. Nilikuwa natumika kazi na Gentil mu shimo moja. Nilikuwa naomba nikae kidogo, kiisha nitawaelezea."

"Nimekuuliza umeipata wapi."

Kijana alitazama chini. "Aliniachia inje ya shimo, mama. Ile siku..."

"Basi mwenyewe ataivaa akitoka," Mapendo akamkatiza. Mkononi bado alikuwa na mwiko, na unga ulikuwa umemkaukia vidoleni. "Irudishe kwenye ulipata. Kule kwa milima kuko baridi, atatoka akose ya kuvaa."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole kama mtu anayefunga kabati, akarudi jikoni kusonga bugali.

Nathanaël alikuwa amesikia kila neno. Kwetu, mgeni anayeleta habari ya namna ile hasemeshwi akiwa amesimama. Anaingizwa, anakalishwa, anapewa maji, ndipo mdomo wake unafunguka. Mapendo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana hakumpa kiti. Habari isiyokalishwa haijafika.

Nathanaël alitokea mlango wa nyuma, akamkuta kijana kwenye njia ya mteremko, amesimama tu, hajui aende wapi. Pale pale njiani, katikati ya watoto waliovaa nguo mpya za sikukuu, Chrispin alimweleza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Shimo lilikuwa limelowa, na kila mtu aliona limelowa, lakini PDG, ndivyo wanavyomwita mwenye shimo, alisema mawe ya Noeli, yenye dhahabu, yako chini pale. Walishuka sita. Udongo ukafunga. Walichimba mpaka siku ya nne, wakatoa wanne. Gentil na mwenzake mmoja hawakuonekana, na PDG akasema basi, pafungwe. Wenzao wakasimika msalaba wa miti.

"Leo ni siku ya kumi na moja, muzee," Chrispin alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetapika kitu: "Ile zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa. Gentil akaniambia, wewe lala, mi nitashuka. Akanipa koti nijifunike."

 Sauti ya Nathanaël ilijulikana Kadutu nzima, mpaka watoto waliiga namna anavyokohoa. Siku hiyo alimshika kijana bega, akamwambia kwa mnong'ono arudi kesho, mama atakuwa ametulia. Halafu akapanda kurudi nyumbani, akamkuta mkewe amepanga sahani tatu mezani.

*

Sahani ya tatu aliifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na bugali na kipande cha kuku, paja, ambalo Gentil alilipenda. Usiku ulipita. Asubuhi Mapendo aliishusha, akala ile bugali iliyopoa akiwa amesimama jikoni, na kutwa nzima hakutia kitu kingine mdomoni. Jioni akapika tena, akapakua tena, akafunika tena.

"Mama Gentil," Nathanaël alimwambia siku ile ya pili, "tuongee."

"Ongea."

"Yule kijana hana sababu ya kudanganya."

"Umeona maiti?"

"Hapana."

"Na yeye ameona?"

"Hapana. Lakini udongo..."

"Basi hamuyaona. Wote wawili hamuyaona." Alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua macho. "Nikuambie kitu, Papa Gentil. Mu hii nyumba mutu asimulilie mutoto wangu. Ukimulilia, wewe njo unamuua. Mi sitakusamehe."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba wa watu alinyimwa hata machozi. Alikwenda kulia chooni, kule nyuma, akiuma kola ya shati, kisha akanawa uso kwa maji ya dumu na kurudi ndani kama mtu aliyetoka haja. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufiwa akabanwa hivyo. Jirani akifa, saa hiyo hiyo turubai linafungwa uani, viti vinakodiwa, wanawake wanajaa, na hata aliyekuchukia anakuja kukaa nawe matanga. Huzuni inapata watu wa kuibeba. Ya kwao ilikuwa imefungiwa ndani, ya watu wawili, na mmoja wao haitaki.

Alikwenda kumwona katekista kuuliza kuhusu misa ya marehemu. Katekista, mtu mpole, alimjibu kwamba padri hawezi kumwombea kama marehemu mtu ambaye mama yake anasema yuko hai. "Muelewane kwanza nyumbani, papa," alisema. Walikuwa wawili tu wa kuelewana, lakini katekista alisema kama anayezungumza na kijiji.

Chrispin alirudi siku hiyo mchana. Safari hii Mapendo hakumfungulia kabisa. Alitokeza dirishani, akawaambia majirani kwa sauti kwamba yule ni mwizi wa makoti. Watu wa Kadutu hawahitaji kuambiwa mara mbili. Nathanaël alifika mbio kutoka bombani na kukuta kijana ameshapigwa makofi mawili, mfuko umechanika, na yeye amelibana koti kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga. Hakujitetea hata kwa neno. Mbaya zaidi, uso wake ulikuwa wa mtu anayeona makofi yale ni haki yake.

*

Sasa lazima nieleze habari ya filamu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Mapendo alikuwa na uhakika namna ile.

Nathanaël alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye ukumbi wa Léopold, chumba kirefu cha mbao chenye mabenchi na skrini moja kubwa. Anakaa kwenye kigoda kando ya skrini na maikrofoni, na Wazungu wakifungua mdomo, yeye anasema. Anasema kama mwanamke, kama polisi, kama mbwa. Siku hizi vijana wanatazama kwenye simu na ukumbi unaishi kwa mipira, lakini mara moja kwa mwaka, Jumapili ya Familia Takatifu, mabenchi hujaa akina mama wa parokia waliovaa vitenge vya sare, kwa ajili ya filamu moja ya zamani. Jina lake la kweli limeandikwa kwa Kiingereza na hakuna aliyewahi kujishughulisha nalo. Wao huiita Filamu ya Mulango.

Ni hadithi ya mama mjane katika nchi ya theluji. Mwanae mkubwa anakwenda kukata miti milimani ili wadogo zake wasifukuzwe kwenye nyumba. Baridi inakuja, barua zinakatika, watu wanasema amekufa, na kila jioni mama anaweka sahani yake mezani. Mwisho kabisa mlango unagongwa. Tunamwona mtu kwa mgongo, theluji mabegani. Mama anafungua. Anamtazama kwa muda mrefu, yule anasema maneno mawili matatu, mama anamkumbatia. Mlango unafungwa, dirisha linabaki na mwanga, muziki unapanda. Basi. Hapo ukumbi mzima unalowa. Wanaume wazima, wabeba mizigo wa sokoni, wanatazama juu kana kwamba bati linavuja.

Maneno ya mlangoni kila mtu aliyajua. "Mama, nimerudi." Na mama anajibu: "Mutoto wangu, ulikawia. Ingia, bugali haiyapoa bado." Kwamba Wazungu wa theluji hawali bugali halikumkera mtu. Akina mama walisema jibu hilo pamoja, kama wanavyojibu litania.

Na yule anayerudi, tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano, alisemwa na Gentil. Nathanaël alimpa maikrofoni mara moja kwa mchezo, watu wakapenda, ikawa desturi. Hata alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu wa miezi na miezi bila mshahara, alikuja Jumapili hiyo kusema maneno yake mawili. Mapendo alikaa benchi la tatu. Kwa miaka kumi na miwili, kila mwisho wa mwaka, alimsikia mwanae kwa masikio yake akisema kwamba amerudi.

Kitu ambacho Mapendo hakukijua ni hiki. Nathanaël hakujua Kiingereza, ila cha kusalimia. Filamu ile aliitafsiri kwa macho. Na miaka kumi na mmoja iliyopita, bwana mmoja aitwaye Benoît, aliyefundisha Kiingereza sekondari, aliingia ukumbini kukwepa mvua, akatazama mpaka mwisho, kisha akamsubiri nje.

"Papa Nathanaël, kazi nzuri," alimwambia kwa adabu. "Lakini yule mwenye kubisha haiko mutoto wake. Iko rafiki ya mutoto. Ameleta koti. Anasema, mama, nilitumika na mutoto wako. Na ile mama anamujibu, umetoka mbali, utakuwa na baridi."

Nathanaël alisimama na maikrofoni yake imezungushiwa waya. Alijaribu kuikumbuka ile picha, na kweli, yule mtu alikuwa na kitu mkononi, kitu cha kukunjwa, ambacho yeye siku zote alikidhania furushi la safari.

"Batu banalia, prof," alisema mwishowe. "Banarudi kwao na moyo mwepesi. Utaka nini ingine?"

Benoît alicheka kidogo, akafungua mwavuli. Nathanaël hakumwambia mtu. Aliendelea kumrudisha yule kijana mwaka baada ya mwaka, na kusema kweli alijiona anawatendea watu wema.

*

Jumamosi jioni, jua bado liko juu ya ziwa, Léopold alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa huruma ilimradi isimgharimu. Alikaa, akapewa maji, akatoa simu.

"Habari ya Gentil niliisikia," alianza, na Mapendo akamtazama, naye akajisahihisha haraka, "habari kama amekawia. Sasa nikawaza, kesho nani atasema maneno yake? Kumbe mwaka jana nilimukamata sauti mu simu. Musikilize."

Akabonyeza. Kulikuwa na kelele za mabenchi, mtu akikohoa, halafu sauti ya Gentil, karibu kabisa, yenye kicheko kidogo nyuma yake kama alivyozoea: "Mama, nimerudi."

 Mapendo aliweka mikono miwili mdomoni. Machoni hakuwa na chozi, alikuwa na furaha, na hilo lilimtisha mumewe kuliko mayowe.

"Rudilia," alisema. Léopold akarudilia. "Tena." Akarudilia tena.

"Nitaitia mu baffle, zile spika za ukumbi," Léopold akaeleza. "Papa Nathanaël atanipa alama kwa kichwa, mi nabonyeza. Hakuna mutu atajua."

"Fanya vile," Mapendo alisema. Alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu Noeli uso wake ulikuwa laini. "Unaona sasa? Ule mama wa mu filamu, batu bote walimwambia mutoto ameshakufa. Mwenye nyumba naye alimwambia. Yeye akaweka sahani tu. Wewe mwenyewe njo ulitufundisha. Miaka yote hii wewe njo unatuambia anarudi."

 Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Nathanaël: haikuwa hivyo. Lakini Léopold alikuwepo, na maji yake hayajaisha kwenye kikombe, na Mapendo anatabasamu. Akanyamaza. Ningependa kusema alinyamaza kwa huruma. Alinyamaza kwa woga.

*

Jumapili mabenchi yalijaa mpaka wengine wakasimama. Mvua ilikuwa ikitishia na chumba kilinuka vitenge vipya na mafuta ya jenereta. Mapendo alikaa benchi la tatu, mgongo wima, mkoba magotini. Wenzake wa parokia walikuwa wamesikia habari, kila mmoja akamgusa bega akipita, na yeye akawajibu wote: "Atafika."

Nathanaël alifanya kazi yake. Watoto wa theluji walicheka kwa sauti zake, mwenye nyumba alitisha kwa sauti yake. Lakini kila sahani ilipowekwa mezani kwenye skrini, alimwona mkewe akitikisa kichwa polepole, kukubali. Ilimjia kwamba angeendelea hivyo. Angepika na kufunika mwezi huu na ujao na mwaka kesho. Angekula bugali baridi mpaka aishe. Na sababu ya yote ni yeye, mtu mzima mwenye maikrofoni, aliyeona mgongo wa mtu akadhani ameona uso.

Mlango ukagongwa. Mgongo, theluji, mabega.  Léopold, nyuma kabisa, alishika simu juu ya waya wa baffle na kumkodolea macho, akingoja alama.

Nathanaël hakutikisa kichwa. Alisogeza maikrofoni, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtafsiri, ilikuwa yake ya nyumbani.

"Mama," alisema, "mi siko mutoto wako. Nilitumika naye. Nimekuletea koti yake."

Mara ya kwanza watu hawakuelewa. Kwenye skrini mama alikuwa bado anatazama, anatazama, kwa yale macho ambayo kwa miaka yote waliyaita macho ya furaha. Kisha mdomo wake ukafunguka, na Nathanaël akamsemea: "Umetoka mbali. Baridi imekupiga. Ingia." Na mama akamkumbatia mgeni.

"Haiko vile," mwanamke mmoja alisema gizani.

"Papa Nathanaël, haiko vile," wengine wakadakia. Mtu akapiga benchi. Mama mmoja mzee akaanza mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemsaidia padri aliyesahau, "Mutoto wangu, ulikawia," na nusu ya ukumbi wakamfuata, "ingia, bugali haiyapoa bado," lakini jibu lilikuwa limekosa swali na likafa njiani. Kijana fulani akadai arudishiwe pesa yake. Mwingine akasema muzee amelewa.

Léopold aliona sikukuu yake inaharibika. Alifanya alichokuja kukifanya, kwa kuchelewa, muziki umeshapanda na majina yanapita. Alibonyeza.

"Mama, nimerudi," Gentil alisema kutoka kwenye baffle mbili, kubwa kuliko alivyokuwa hai, na kicheko kidogo nyuma yake.

 Halafu simu, kwa sababu Léopold hakujua kuizuia, ikaanza upya yenyewe: mabenchi, kikohozi, "Mama, nimerudi." Na tena: mabenchi, kikohozi kile kile, kicheko kile kile mahali pale pale.

Mapendo alisimama. Nathanaël alimwona akigeuka, si kwenye skrini, bali kwenye lile sanduku jeusi la sauti ukutani. Aliliangalia kama alivyokuwa amemwangalia Chrispin siku ya Noeli, kutoka juu mpaka chini.

"Zima hiyo," alisema. Hakupaza sauti, lakini alisikika. "Léopold. Zima hiyo kitu."

Léopold akang'oa waya. Mapendo alipita katikati ya magoti ya wenzake, akatoka.

*

Mlangoni Léopold alimzuia Nathanaël. Hakugomba. Alimwambia tu kwamba kwa mwaka ujao atatafuta zile filamu zinazokuja zimeshatafsiriwa, na aache maikrofoni mezani. Watu waliopita hawakumsalimia. Mwanamke aliyewahi kumpelekea samaki kwa ajili ya mwisho ule ule wa filamu alimwambia, bila hasira: "Sisi tuko na vifo vya kutosha huko inje, papa. Ulikuwa umetubakizia huyu mumoja."

Alimkuta Mapendo jikoni. Alikuwa amebadili kitenge cha sare, anawasha makaa.

"Ulijua tangu lini?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. "Miaka kumi na mumoja."

Mapendo alipuliza makaa. "Gentil alijua?"

"Hapana. Hata yeye sikumwambia."

"Kwa hiyo mutoto wangu ulimutia uongo mu kinywa, akausema mpaka akaenda nao." Alisema taratibu kama anayehesabu nguo za kufua. "Na mi nikauamini sababu ya sauti yake. Kama ungesema wewe, nisingeamini. Ilikuwa juu ya sauti yake."

Nathanaël alisema pole. Lilikuwa neno dogo na aliliona lilivyo dogo. Mkewe alisonga bugali, akapakua sahani tatu, akafunika ya tatu na kuiweka juu ya kabati. Hawakula, si mume wala mke. Walilala wamepeana migongo.

*

Asubuhi ya Jumatatu mvua ilinyesha, ile mvua nyembamba ya Bukavu isiyo na haraka. Nathanaël alishuka bombani na dumu, akasubiri zamu yake, watu wakimwachia nafasi pana kuliko kawaida. Kurudi kulimchosha. Alipanda akitazama miguu yake kwa sababu njia ilikuwa inateleza, na alipofika kwenye kona ya nyumba yao aliinua macho.

Mlangoni kwake alisimama mtu, amempa mgongo. Amevaa koti la kahawia. Maji yanamtiririka mabegani, na kwenye kiwiko kuna kiraka cha bluu.

Dumu lilimponyoka. Mpaka leo anaona haya kulisema, yeye aliyewaambia watu wote ukweli jana yake: kwa muda wa kuvuta pumzi moja, aliamini. Miguu yake ilishapiga hatua mbili, na jina lilishafika kooni.

Ndipo mtu yule akageuza shingo kidogo, na ilikuwa shingo nyembamba ya Chrispin. Alikuwa na safari ya kurudi Mwenga na lori la saa nne. Mfuko ulichanika Ijumaa, mvua ilimkuta njiani, akalivaa koti kujikinga, na sasa alikuwa akihangaika kulivua kabla mlango haujafunguliwa, mkono mmoja umekwama.

Mlango ulifunguka naye bado yumo nusu.

"Nisamehe, mama," alisema mbio mbio. "Sikuivaa kwa kuiiba, ni mvua. Nitaiacha hapa chini. Mi naenda. Mama, ile zamu ilikuwa yangu. Nilitaka tu ujue kama ilikuwa yangu."

Mapendo alimtazama. Nathanaël, kwenye kona, hakuthubutu kusogea. Alimwona mkewe akiangalia kiraka chake cha bluu, nyuzi bado imara, kisha mikono ya kijana, kisha shavu lake ambalo bado lilikuwa na alama ya kofi. Alichukua muda mrefu sana. Dumu liliendelea kubiringika mteremkoni na hakuna aliyelifuata.

"Usiivue," alisema mwishowe. "Umelowa. Ingia, ukae."

Alimvutia kiti cha Nathanaël mwenyewe. Akamletea maji kwenye kikombe, akamsubiri anywe yote. Ndipo akapandisha mkono juu ya kabati, akashusha sahani ya jana, akafunua, akaiweka mbele yake.

"Bugali imeshapoa, mwanangu," alisema. "Kula vile vile."

Chrispin alimtazama, kisha akamtazama Nathanaël aliyekuwa amefika mlangoni, hajui kama anaruhusiwa. Nathanaël akamwonyesha kwa kidevu kwamba ale. Kijana akamega. Ilikuwa imekauka pembeni na ilimpa shida kumeza, lakini alikula, tonge kwa tonge, na Mapendo alikaa mbele yake mikono mapajani, akihakikisha hasazi. Alipomaliza, alimwondolea sahani, akaisuuza, akaipanga pamoja na nyingine.

"Sasa elezea," alisema.

Chrispin akaeleza yote, mvua, PDG, homa, msalaba wa miti. Mapendo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alifungua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akakiweka mezani.

"Papa Gentil," alisema, "ita batu ba turubai."

Na kabla mumewe hajafika nje alimsikia ameanza kulia, kwa sauti ile kubwa ya matanga inayowatoa majirani manyumbani mwao, na yeye akasimama pale kwenye mvua, ameruhusiwa, akalia pia.